Elsie Knocker na Mairi Chisholm: kazi yao Pervyse ilikuwa na manufaa gani hasa?

Mwalimu wa Historia, Tabora

Natanguliza heshima zangu kwenu nyote. Ninafundisha historia katika shule ya sekondari hapa Tabora, na kila tunapofika kwenye Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia huwaeleza wanafunzi jinsi jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo lilivyoingia mjini kwetu Septemba 1916. Mwaka huu mwanafunzi mmoja wa kike aliniuliza Wabelgiji wenyewe walikuwa na hali gani kwao Ulaya wakati wakipigana huku kwetu. Katika kumtafutia jibu nilikutana na habari za marafiki wawili kutoka Uingereza: Elsie Knocker, muuguzi aliyekuwa na umri wa miaka 30, na Mairi Chisholm, binti wa miaka 18. Walijuana kwa sababu wote wawili walipenda kuendesha pikipiki. Septemba 1914 walivuka bahari kwenda Ubelgiji pamoja na kikosi cha magari ya wagonjwa cha Daktari Hector Munro, na Novemba mwaka huo wakajitenga na kikosi hicho, wakaanzisha kituo chao cha huduma ya kwanza ndani ya chumba cha chini ya nyumba iliyobomolewa na makombora katika kijiji cha Pervyse, karibu kabisa na mahandaki ya askari. Walidumu kwenye eneo hilo mpaka mwaka 1918.

Mwanafunzi wangu amefurahishwa mno na habari hizi, nami nisingependa kumpa sifa tupu. Naomba mnisaidie katika mambo mawili. Kwanza, je, kazi yao iliokoa maisha kwa maana ya kitabibu, au umaarufu wao ulitokana zaidi na magazeti ya wakati ule, ambayo yaliwabandika jina la Madona (yaani Bikira Maria) wa Pervyse na kuzisambaza picha zao kila mahali? Pili, iliwezekanaje wanawake wawili wasio askari kuishi mstari wa mbele kwa miaka ile yote, ilhali jeshi la nchi yao lenyewe halikutaka wanawake wakaribie mapigano?

Muuguzi Mstaafu, Morogoro

Mwalimu, swali lako la kwanza linahusu kazi niliyoifanya maisha yangu yote, kwa hiyo nitalijibu hilo tu na kuwaachia wengine la pili.

Elsie alikuwa na mafunzo ya uuguzi na ukunga. Katika majuma ya kwanza ya vita kikosi chao kilikuwa kikiwachukua majeruhi kutoka uwanja wa mapigano na kuwapeleka kwa gari mpaka hospitali ya Furnes, na hapo ndipo alipoona jambo lililomsumbua: askari waliopakiwa wakiwa hai, na wengine wakiwa na majeraha ambayo kwa macho hayakuonekana kuwa ya kuua, walikuwa wakifika wamekwisha kufa. Alihitimisha kwamba kilichowaua ni mshtuko wa mwili ulioongezwa na safari yenyewe. Alihitimisha sawasawa. Mtu aliyepoteza damu nyingi, aliyelowa na kupoa usiku kucha ndani ya handaki, ambaye mfupa wake wa paja umevunjika na haujafungwa banzi, ukimrusharusha juu ya barabara ya mawe kwa mwendo wa kilomita kadhaa, kila mrusho unazidisha maumivu na kumwongezea kutokwa na damu, na mzunguko wa damu unaporomoka kabla hajaonwa na daktari. Mwanzoni mwa vita ile, majeruhi wa risasi waliovunjika paja walikufa kwa kiwango cha watu wanane katika kila kumi, na kiwango hicho kilishuka sana baadaye, banzi la Thomas, yaani fremu ya chuma inayounyosha na kuutuliza mguu uliovunjika, lilipoanza kufungwa mguuni mapema, kabla ya majeruhi kusafirishwa.

Kwa hiyo uamuzi wa kukaa Pervyse haukuwa wa kutafuta hatari. Mpango wao ulikuwa mwepesi kuueleza na mgumu kuutekeleza: majeruhi aletwe kwa machela kutoka handaki, damu izuiwe, kiungo kilichovunjika kifungwe, avuliwe nguo mbichi na kufunikwa blanketi karibu na jiko, apumzike mpaka mapigo ya moyo yatulie, na baada ya hapo ndipo apakiwe kwenye gari. Waliendesha gari hilo wao wenyewe, mara nyingi usiku na bila taa, kwa sababu mwanga wowote ungewaonyesha wapiga mizinga wa Kijerumani mahali pa kulenga. Mimi nimepokea majeruhi wengi wa ajali za barabarani walioletwa nyuma ya gari la mizigo, wamekunjwa kama magunia na watu wenye nia njema kabisa, na najua tofauti iliyopo kati ya mtu aliyefungwa mguu wake pale pale alipoangukia na yule aliyekimbizwa tu.

Pamoja na majeruhi wakubwa, walikuwa na kazi nyingine ambayo haikuandikwa sana na magazeti. Askari wa Kibelgiji walisimama majini kwa siku nyingi, na miguu yao iliharibika. Walikuwa na majipu, homa, kikohozi na vidonda vidogo vinavyooza vikiachwa. Kituo cha Pervyse kilikuwa zahanati yao ya kila siku. Wanawake hawa pia walipika supu na kakao kwenye vyungu vikubwa na kuwapelekea walinzi wa usiku mahandakini. Kwa elimu ya leo tungemnyima kinywaji majeruhi wa tumbo, lakini kwa mtu aliyeganda kwa baridi na mwenye jeraha la mkono, kakao ya moto ilikuwa tiba halisi. Jibu langu kwa binti huyo ni kwamba kazi ilikuwa ya kweli, na thamani yake kubwa ilikuwa katika mahali ilipofanyiwa.

Msomaji wa Vita, Mombasa

Nikiungana na Mama Muuguzi, nalichukua swali la pili.

Ni kweli kwamba Wizara ya Vita ya Uingereza haikuwataka wanawake karibu na mapigano, na hata madaktari wa kike waliobobea walifukuzwa mlangoni. Daktari Elsie Inglis wa Edinburgh alipojitolea kuanzisha hospitali zinazoendeshwa na wanawake, aliambiwa arudi nyumbani akatulie. Hakutulia: hospitali zake zilikubaliwa na Wafaransa, waliopewa ile ya Royaumont, na pia na Waserbia, ambako yeye mwenyewe alikwenda kufanya kazi. Madaktari wawili marafiki, Flora Murray na Louisa Garrett Anderson, nao hawakupoteza muda kubembeleza jeshi la kwao. Walikwenda moja kwa moja kwa Msalaba Mwekundu wa Ufaransa, wakafungua hospitali mjini Paris Septemba 1914, na kazi ilipoonekana, jeshi la Uingereza likawageukia na kuwakabidhi hospitali ya kijeshi ya Endell Street, London, iliyokuwa na vitanda zaidi ya 500 na ambayo waliiendesha mpaka mwaka 1919. Utaona, Mwalimu, kwamba njia ilikuwa moja kwa karibu wote hao: aliyekataliwa na serikali yake alikwenda kwa mshirika aliyekuwa na shida kubwa zaidi.

Na hakuna aliyekuwa na shida kuliko Ubelgiji. Kufikia mwishoni mwa Oktoba 1914 karibu nchi nzima ilikuwa imekwisha kutekwa. Jeshi la Mfalme Albert lilibaki na kipande kidogo cha ardhi nyuma ya mto Yser, na lilijiokoa kwa kufungua malango ya maji ya Nieuwpoort ili bahari ifurike uwandani na kuwazuia Wajerumani. Pervyse ilikuwa ukingoni mwa mafuriko hayo. Jeshi lililopoteza miji yake, na pamoja nayo hospitali na maghala, halikuwa na sababu ya kumkatalia muuguzi aliyekuja na gari lake na dawa zake. Maofisa wa Kibelgiji waliwaambatanisha na kikosi kilichokuwa pale, na mwishoni mwa Januari 1915 mfalme mwenyewe aliwatunuku nishani ya Leopold II. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kwa ofisa yeyote wa Kiingereza kuwaondoa, ingawa ukaribu wao na mahandaki uliendelea kuwakera wakubwa.

Sasa, kuhusu magazeti uliyoyataja, ningependa uwaeleze wanafunzi kwamba umaarufu ule haukuwa pambo. Elsie na Mairi walikuwa watu wa kujitolea wasiolipwa mshahara. Petroli, bandeji, dawa na matengenezo ya gari vilitegemea michango, na kila mfuko ulipokauka ilibidi warudi Uingereza, wasimame mbele ya watu kwenye kumbi na kuomba. Walipiga picha nyingi wao wenyewe, na picha hizo zilikuwa sehemu ya kuomba huko. Bila magazeti kituo kingefungwa mapema. Mwandishi anayewadharau kwa sababu walijulikana ajiulize kwanza nani angewalipia petroli.

Jambo moja zaidi, kwa sababu wanafunzi hupenda kulisikia na ni la kweli: mwaka 1917 walipewa na serikali ya Uingereza nishani ya kijeshi iitwayo Military Medal, baada ya kwenda kumchukua rubani aliyejeruhiwa katika ardhi iliyokuwa kati ya majeshi mawili. Rubani huyo alikuwa Mjerumani.

Mwalimu wa Historia, Tabora

Nawashukuru sana, majibu yenu yamenipa somo zima. Binti aliyeuliza sasa ameniongezea swali ambalo sikulitarajia. Anataka kujua kama waliendelea kuwa marafiki baada ya vita.

Bi. Msomaji, Zanzibar

Hapana, Mwalimu, na ningekusihi usimfiche.

Januari 1916 Elsie aliolewa na Baroni Harold de T'Serclaes, rubani wa Kibelgiji, na kituo kikaendelea kama kawaida. Machi 1918 Pervyse ilishambuliwa kwa gesi ya sumu na wote wawili waliivuta. Elsie aliumia vibaya akarudishwa Uingereza. Mairi alirejea kazini kwa muda, kisha naye akashindwa, na kituo kikafungwa. Katika miezi ya mwisho ya vita waliingia wote wawili katika tawi jipya la wanawake la jeshi la anga.

Kilichowatenganisha ni ukweli kuhusu ndoa ya kwanza ya Elsie. Siku zote alijitambulisha kuwa mjane, kumbe mume wake wa kwanza alikuwa hai na walikuwa wameachana kwa talaka. Kwa mwanamke wa tabaka lake katika zama zile talaka ilikuwa fedheha iliyofunga milango mingi, na familia ya baroni ilikuwa ya Kikatoliki. Habari zilipojulikana ndoa ilivunjika. Mairi alikuwa ameamini neno la rafiki yake tangu siku za pikipiki, na aliona amedanganywa. Urafiki wao ukaishia hapo, na kwa miongo iliyofuata hawakuwa na mawasiliano ya maana. Mairi hakuolewa. Alifuga kuku kwa miaka mingi akishirikiana na rafiki mwingine wa kike. Elsie alirudi jeshini katika Vita Kuu ya Pili, na mwanawe wa pekee, aliyekuwa katika jeshi la anga, aliuawa mwaka 1942. Elsie alifariki 1978, na Mairi 1981.

Mimi simlaumu yeyote kati yao, lakini nikilazimishwa kusema, huruma yangu kubwa iko kwa Mairi. Mama yake alipinga vikali safari ile, lakini Mairi akaondoka hata hivyo akiwa na miaka 18, na kila alichokijua kuhusu vita alikijua akiwa ubavuni mwa mtu mmoja. Elsie naye alikuwa na siri ambayo kila mwezi uliopita ilizidi kuwa ngumu kuitamka. Waliweza kulala chumba kimoja kwa zaidi ya miaka mitatu, nguo hawazivui kwa siku nyingi mfululizo, na katika muda wote huo jambo hilo moja halikusemwa.

Mjukuu wa Askari, Machakos

Naomba nichangie kutoka upande mwingine, bila kuwapunguzia heshima wanawake hao. Ubelgiji ile ile ambayo jeshi lake liliwapata Elsie na Mairi kule Yser ndiyo iliyolituma jeshi lake la kikoloni la Kongo kuingia Tabora, Mwalimu, na kwenye njia za kuja Tabora wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi hilo la Kongo hawakuwa na chumba chenye jiko wala muuguzi wa kuwaosha miguu. Katika vita vya Afrika Mashariki wapagazi wa pande zote walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Ukifundisha habari za Pervyse, tafadhali zifundishe siku moja na habari hizo, ili wanafunzi waone kwamba kinga dhidi ya kifo cha aina hiyo ilijulikana na iliwezekana: blanketi kavu, chakula cha moto na mtu wa kusafisha kidonda.

Na kama binti anatafuta wanawake waliovuka bahari kwa ajili ya askari wetu wenyewe, mtajie meli ya Khedive Ismail. Februari 1944 meli hiyo iliondoka Mombasa kuelekea Colombo ikiwa na maofisa na askari 996 wa kikosi cha mizinga cha 301 cha Afrika Mashariki, mabaharia, na wanawake zaidi ya 80, wengi wao wauguzi waliokuwa wakienda kwenye hospitali za kijeshi za Asia. Miongoni mwao walikuwamo wanawake tisa wa kikosi cha kujitolea kilichoanzishwa Kenya. Tarehe 12 Februari nyambizi ya Kijapani iliipiga kwa topido karibu na visiwa vya Maldivi, nayo ikazama katika muda wa dakika chache. Walikufa watu karibu 1,300, wakiwemo wanawake 77. Walionusurika kati ya wanawake wote ni sita. Askari wetu waliopotea na meli hiyo wanakumbukwa kwenye mnara wa Afrika Mashariki ulio ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, barabara ya Ngong, na mtu yeyote anaweza kuingia na kuyasoma majina yao.