Tupeane uzoefu: likizo ya Juni mnawashughulishaje watoto wasisahau shule?

Mama Pacha, Shangani
Habari za humu jamani. Shule zimefungwa, nina pacha wa darasa la nne, na leo ni siku ya tatu runinga haijazimwa tangu asubuhi. Likizo iliyopita niliwapeleka twisheni. Walikaa mle hadi saa nane wakinakili maswali ubaoni, wakarudi wamechoka na daftari limejaa, lakini ukiwauliza robo ya elfu nane wanatazamana. Mwaka huu sitaki. Nataka wacheze, ila mchezo wenye kitu ndani. Waliojaribu mambo yakakubali, au yakawashinda, leteni.

Nahodha Mstaafu, Mikindani
Mama Pacha, wewe uko Shangani hapa Mtwara na bahari unaiona, halafu unahangaika? Mjukuu wangu wa darasa la tano nilimpa mti wa mkoko, nikauchora alama kila sentimita kumi, tukauchomeka ufukweni maji yalipokupwa. Nikamwambia kila siku aandike maji yamejaa saa ngapi na yamefika alama gani. Hakuna zawadi wala adhabu.

Tulianza siku ya bamvua, maji yanapojaa na kukupwa kuliko kawaida. Maji yakajaa saa kumi jioni, kesho yake yakachelewa, keshokutwa yakachelewa tena. Siku ya nne akaja mbio: "Babu, bahari haina saa!" Nikamwambia inayo, itafute. Akakaa na kalamu yake, akaona kila siku yanasogea mbele kama dakika hamsini, mara pungufu, mara zaidi. Baada ya wiki alama zikashuka, maji hayapandi wala hayashuki sana. Akadhani kuna mtu kausogeza mti! Hapo ndipo nilipomweleza maji mafu, na kwa nini bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Mwezi na jua vinavuta bahari kwa mstari mmoja. Nusu ya mwezi kila kimoja kinavuta upande wake.

Sasa wachokoa pweza wa mtaani wanamuuliza yeye kesho maji yanakupwa saa ngapi. Amekuwa na maringo hayo, hatuwezi kukaa naye. Angalizo: awe na mtu mzima, na asiende peke yake kule kwenye mwamba.

Mtu wa Masasi
Mimi nilinunua kishikwambi chenye michezo ya hesabu. Bando liliisha siku mbili, hesabu sikuiona. Napita.

Baba Wanne, Nachingwea
Kwetu Juni ni ufuta. Nilikwenda mnadani na binti yangu wa darasa la sita, kazi yake ikiwa moja tu: kutuhesabia. Bei za wanunuzi zikasomwa kwa sauti, yeye anaandika. Tulikuwa na kilo 86 ghalani. Akazidisha kwa bei ya juu, akafurahi, akaanza kupanga viatu. Malipo yalipokuja akaona pungufu, akanuna kweli kweli akidhani tumeibiwa. Ikabidi nimsomeshe makato, moja baada ya jingine, kila kilo inakatwa kiasi gani na kinakwenda wapi. Kuna moja hata mimi sikuweza kulieleza, tukarudi kwa karani wa chama cha ushirika kuuliza. Karani alikwazika kidogo, lakini alijibu.

Asilimia zilimsumbua mwaka mzima darasani. Siku ile zilimwingia kwa hasira.

Dada Mkuu
Niseme tu ukweli, wengine watoto wapumzike. Wangu wawili wako jandoni, huko wanafundwa na wanaimba, mimi nafanya usafi wa nyumba kwa amani.

Mwalimu wa Likizo, Lindi mjini
Hili langu linahitaji kamba tu. Watoto wetu hawajui kwamba mmoja wa wanyama wakubwa waliowahi kutembea duniani, dinosaria, alichimbuliwa hapa Lindi, Tendaguru, kati ya 1909 na 1913, enzi za Wajerumani. Mifupa ilibebwa na watu vichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi, ikapelekwa Ujerumani. Yule mwenye shingo ndefu, Giraffatitan, amesimamishwa jumba la makumbusho Berlin, urefu wake kwenda juu ni kama mita 13.

Ukimwambia mtoto "mita 13" hajali. Nikapima kamba, nikailaza uwanjani, nikawaambia walale chini kichwa kwa miguu mpaka waijaze. Walitosha tisa na nusu. Nusu ni wa miaka mitatu aliyekataa kunyoosha miguu.

Wakauliza angefika kwenye madafu? Tukasimamisha fimbo ya mita moja juani, kivuli chake sentimita 80. Kivuli cha mnazi wakati huohuo mita 12. Wakubwa wakagawanya wakapata mnazi una mita 15. Kwa hiyo mnyama wetu amekosa dafu kwa mita mbili, na ubishi ukaanza: angesimama kwa miguu ya nyuma je? Waliondoka magharibi bado wanabishana. Sikuwa na jibu, na sikulitafuta.

Bibi wa Newala
Baridi huku, wajukuu wa Dar wanatetemeka. Mchana tunachimba ming'oko, ile mizizi ya porini ya kula, wanajifunza jani lake kabla ya kushika jembe. Mikoroshoni siwapeleki siku za kupuliza salfa, dawa ya mikorosho, msije mkawaua watoto kwa kujifunza. Usiku ni vitendawili, lakini vya zamani nimevikataa. Kila mmoja atunge chake na akiandike, mwandiko mbaya hausomwi. Juzi wa miaka tisa kasema: "Mbegu yangu imefukuzwa nyumbani." Tukashindwa wote, nikampa mji wa Mtwara mzima. Kumbe korosho! Na kweli inaning'inia nje ya bibo.

Mama Pacha, Shangani
Asanteni jamani. Mti wa mkoko nitautafuta bamvua ijayo. Kamba nimenunua leo, wamelala wao wawili, wamewaita wa jirani, bado haijajaa. Sasa hivi mmoja yuko mlangoni anamwomba baba yake aje alale chini naye. Runinga imezimwa, sijui ni nani aliyeizima.