Nimefaulu mitihani yote minne ya CPA (uhasibu wa umma) Marekani. Leseni niombe Texas au Ohio?

Binti_Ujiji

Wakuu habari za jioni. Baada ya miezi 22 ya kulala saa saba usiku, juzi majibu ya karatasi ya mwisho, REG, yametoka: 78. Ina maana karatasi zote nne, AUD, FAR, TCP na REG, nimevuka ile 75 ya kufaulu. Nilimpigia mama Kigoma, akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani kajifungua.

Sasa kilichonitoa jasho ni hiki. Mimi nilijua ukifaulu unatumiwa cheti chako, basi. Kumbe leseni unaiombea bodi ya uhasibu ya jimbo, na kila jimbo lina yake. Nimesoma ukurasa wa Texas, nikasoma wa Ohio, kichwa kinauma. Watu wananiambia Ohio ni mteremko. Mwenye uzoefu anisaidie, nataka nilipe ada wiki hii kabla hela haijapata kazi nyingine.

Mzee_wa_Leja

Hongera sana binti, hiyo si kazi ndogo. Lakini umekwenda kwa daktari ukamwambia "naumwa" halafu ukanyamaza. Tuambie: unaishi jimbo gani? Mitihani uliifanya kupitia bodi ya wapi? Shahada ya wapi, na una krediti (vizio vya masomo ya chuo) ngapi kwa hesabu ya Marekani? Na kubwa kuliko yote, nani anakusainia uzoefu wa kazi?

Kijana_wa_Columbus

Ohio. Hakuna cha kujadili. Tangu tarehe 1 Januari 2026 huku ukiwa na shahada ya kwanza na miaka miwili ya kazi, pamoja na mitihani, unapewa leseni. Ile nongwa ya kutakiwa krediti 150 haikuhusu tena. Ohio ndio walioanza, gavana alisaini Januari 2025, wengine wakafuata nyuma. Karibu sana, baridi tu ndiyo utaizoea.

Kodi_Ndio_Mpango

Dada yangu, achana na hizo bodi za majimbo. Chukua EA, leseni ya wakala wa kodi. Mitihani mitatu ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, hawakuulizi shahada, hawakuulizi bosi, na leseni yenyewe ni ya serikali kuu, unamwakilisha mteja wa kodi jimbo lolote. Mimi nina EA mwaka wa tano sasa, msimu wa kodi silali, na hakuna mtu amewahi kunidai transkripti, ile orodha ya alama za chuo.

Mzee_wa_Leja

@Kodi_Ndio_Mpango mtu kashafaulu CPA mitihani minne wewe unamshauri akaanze mingine mitatu? Kila uzi unaoingia ni EA, EA. Ukaguzi wa hesabu utausaini kwa EA?

Kodi_Ndio_Mpango

Nani kakuambia anataka kukagua? Hata hajasema anafanya kazi gani.

Binti_Ujiji

Samahani wakuu nilikuwa zamu. Naishi Irving, Texas, mwaka wa pili sasa. Masters nilisoma Columbus, ndiyo maana mitihani niliifanya kupitia Ohio. B.Com nimesoma Dar, miaka mitatu. Tathmini ya masomo kwa hesabu ya Marekani ilinipa krediti 108 za Dar, masters ina 33. Kazi niko kampuni ya malori, nashughulikia malipo ya madereva na kufunga hesabu za mwezi. Bosi wangu ni mkuu wa hesabu pale.

Mzee_wa_Leja

Kumbe! 108 na 33 ni 141. Hizo ndizo habari zilizotakiwa kukaa mstari wa kwanza.

Bado hujajibu moja. Bosi wako ni mkuu wa hesabu, sawa. Ana CPA?

Kisauni254

Hapo kwa miaka mitatu ndiyo shida yenu Watanzania. Sisi digrii zetu ni miaka minne, wakikupimia unatoka na 120 zako safi. Nyinyi mnaenda Form Six miaka miwili halafu Mzungu haihesabu.

Nyanda_za_Juu

@Kisauni254 tulia. Wengine Form Six imehesabiwa, inategemea nani anakufanyia tathmini. Ndugu zangu wawili darasa moja, chuo kimoja, mmoja alipewa 96 na mwingine 117. Ila angalizo: bodi haipokei tathmini ya kampuni yoyote unayoipenda wewe. Texas ina utaratibu wake wa nani anakubalika, na ile uliyoitumia Ohio inaweza isifae. Kabla hujalipa senti, uliza hilo.

Boksi_na_Kalamu

Dada, swali la Mzee usilipite juujuu. Ngoja nikusimulie yaliyonikuta, jimbo silitaji.

Nilimaliza mitihani 2019. Nilikuwa ofisi ndogo ya watu saba, tunaweka vitabu vya migahawa na kujaza fomu za kodi. Bosi ni CPA, cheti chake kiko ukutani kwenye fremu ya dhahabu, juu ya mashine ya kahawa. Kila asubuhi nikimimina kahawa nakiangalia, najiambia na changu kitakuja. Nimekaa chini yake miaka miwili na ushee. Nikampelekea fomu ya kuthibitisha uzoefu, akasaini palepale akiwa amesimama, mchana akaleta keki.

Wiki ya sita barua ikaja. Aliyethibitisha saa zako hakuwa na leseni hai katika kipindi hicho. Nilidhani wamekosea jina. Nikaingia CPAverify, tovuti ya kuangalia leseni za CPA, nikaandika jina lake, nikaona neno moja tu: imekwisha. Tangu 2015! Mzee alichoka masomo ya kila mwaka, akaacha kulipia, na kwa kazi zile tulizokuwa tunafanya hakuna mteja aliyewahi kumuuliza. Cheti cha ukutani hakiandikwi tarehe ya kufa.

Nikamfuata ofisini kwake. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai muda mrefu, akasema, "Nilifikiri wanaangalia kama ulifaulu tu." Sikuwa na la kumjibu. Saa zaidi ya 4,000 zikawa hewa. Ilibidi nihame, nikaanze upya kwa mshahara pungufu kwenye ofisi yenye CPA mwenye leseni inayopumua, na leseni yangu nimeipata miezi kumi na sita baadaye. Alama za vidole nilichukuliwa mara mbili kwa sababu zile za kwanza zilipitwa na muda.

Siku hizi nikienda usaili, kabla sijauliza mshahara naangalia jina la bosi CPAverify. Ni bure, dakika moja.

Kisauni254

Pole sana aisee. Hiyo ya kahawa imeniuma.

Binti_Ujiji

Pole sana kaka. Nimeingia sasa hivi nikaandika jina la bosi wangu. Halipo kabisa.

Mzee_wa_Leja

Basi hilo ndilo tatizo lako la kwanza, na halijali kama ni Texas au Ohio. Kote wanataka uzoefu uthibitishwe na CPA mwenye leseni. Hapo kazini hakuna mwingine? Mkurugenzi wa fedha? Mkaguzi wa ndani?

Binti_Ujiji

Mkurugenzi wa fedha nadhani ni CPA ila yuko makao makuu, Memphis. Tunaonana kwenye simu za mwisho wa mwezi.

Mzee_wa_Leja

"Nadhani" toa. Angalia jina. Halafu uiulize bodi kama kusimamiwa kwa mbali namna hiyo kunahesabika, usisubiri ujaze saa 2,000 ndipo uulize.

Kijana_wa_Columbus

Bado nasema Ohio. Alama zake ziko Ohio, masters ni ya Ohio. Achukue leseni huku, akae nayo Texas. Siku hizi kuna ule utaratibu wa CPA wa jimbo moja kufanya kazi jimbo jingine bila leseni ya pili.

Nyanda_za_Juu

Hapana mkuu, hapo unampoteza. Utaratibu huo ni wa mtu ambaye ofisi yake kuu iko jimbo lake, anavuka kwenda kumhudumia mteja kwingine. Yeye analala Irving, anaamka Irving, meza yake iko Irving. Ohio anakwenda kufanya nini, kusalimia? Akijitangaza CPA akiwa Texas, Texas ndiyo itakayomtaka leseni. Na alama za mtihani zinahamishwa kutoka Ohio kwenda Texas, hilo si gumu.

Kijana_wa_Columbus

Watu kibao wanafanya hivyo.

Nyanda_za_Juu

Watu kibao wanaendesha gari bila bima pia.

Mama_Zawadi

Mimi ni leseni ya Texas, 2022. Nimwambie dada kinachomsubiri huku, kwa njia ya 150. Anapungukiwa krediti tisa. Tatu kati ya hizo ziwe za somo la maadili lililoidhinishwa na bodi yenyewe. Hilo watu wengi huliruka wakaja kulilia mwishoni, kwa sababu si kila somo la maadili ya biashara linakubalika. Nyingine za kujazia unaweza kuzipata chuo cha jamii kwa bei nafuu. Mimi nilisoma jiolojia, mpaka leo najua mawe.

Kisha kuna mtihani wa kanuni za bodi, kitabu unafungua, ila lazima ufike 85. Alama za vidole. Kiapo. Baada ya hapo masomo ya kuendeleza leseni, saa 120 kila miaka mitatu. Ukiamka saa kumi na moja kila siku kama mimi utayamaliza ukiwa unapika chapati.

Hiyo njia ya miaka miwili bila 150 na Texas imeipitisha 2025, inaanza kutumika 2026. Ukiwa huna haraka unaweza kuisubiri, lakini hata hiyo inataka shahada. Wataikubali ya miaka mitatu? Masters itaziba pengo? Hapo sikudanganyi.

Kijana_wa_Columbus

Masters inaziba. Huwezi kupewa masters bila shahada.

Nyanda_za_Juu

Chuo kilikupokea, bodi haijakupokea. Ni ofisi mbili hizo.

Kisauni254

Mimi niulize langu. Ni CPA(K), ile ya Kenya, tangu 2014, mitihani ya KASNEB nimemaliza, ada ya chama chetu ICPAK nalipa kila mwaka. Nimeingia Boston 2021. Kwa saini ya barua pepe naweka CPA kama kawaida. Kuna shida gani? Nimeisotea!

Boksi_na_Kalamu

Toa leo leo. Hapa jina CPA lina mwenyewe kwa sheria ya jimbo. Bodi hawatakuuliza uliisotea wapi. Na siku ukiomba leseni ya kweli utaulizwa kama umewahi kulitumia jina bila kibali.

Kisauni254

Sasa mbona Mwafrika Kusini anatambuliwa? Nimesoma wana makubaliano.

Mzee_wa_Leja

Afrika Kusini wamo, pamoja na Australia, Canada, Mexico, Ireland, New Zealand na Scotland. Hao wana njia ya mkato. Kenya hatumo, Tanzania hatumo. CPA(K) yako na CPA(T) yangu hapa ni kumbukumbu nzuri.

Kisauni254

Angalau CPA(K) ilikuwa ngumu 😄

Mzee_wa_Leja

Kijana, ulishaona mtihani wa mwisho wa NBAA, bodi yetu ya uhasibu Tanzania? Wee!

Kodi_Ndio_Mpango

EA hawakuulizi umetoka wapi. Nasema tu.

Deira_Mhasibu

Wakuu samahani kuingilia. Mimi nafanya kazi Dubai, mitihani nimefanyia hukuhuku, na nilitia saini kwamba leseni nitaichukua ndani ya miaka mitatu tangu kufaulu. Umebaki mwaka mmoja na miezi. Sina namba ya hifadhi ya jamii ya Marekani, na ofisini CPA ni mmoja, Mhindi, leseni yake ya Washington. Jimbo gani litanifaa?

Binti_Ujiji

Mrejesho: mkurugenzi wa Memphis yupo CPAverify, leseni ya Tennessee, hai. Nimemwandikia, kajibu kwa neno moja, "Call". Naogopa kupiga.

Pia nimewaandikia bodi ya Texas kuhusu tathmini. Wanataka transkripti ya Dar itoke chuoni moja kwa moja. Ile niliyonayo mama aliifungua bahasha, anasema alitaka kuona kama kuna picha yangu. Kuna mtu anasafiri kutoka Dar mwezi huu anibebee nyingine?

Mama_Zawadi

Hahaha, mama! Bahasha haibebwi na mtu dada, hata ikiwa na lakiri. Chuo chenyewe kitume. Mtafute ndugu akasimame dirishani kwa msajili asubuhi na mapema, aende na risiti ya malipo, na akague majina yako matatu yamefuatana kama kwenye pasipoti. Langu lilikuja limepinduliwa, nikakaa miezi miwili nikithibitisha kwamba mimi ni mimi.

Kijana_wa_Columbus

Ohio hawana shida hiyo, transkripti yako wanayo tayari.

Nyanda_za_Juu

Wanayo iliyofunguliwa na mama?

Binti_Ujiji

Hapana, ya Ohio ilitoka chuoni. Ada bado sijalipa jamani. Jumatatu nikishaongea na Memphis narudi.

Deira_Mhasibu

Na mimi bado nasubiri, wakuu.