Intavyu na mimba: useme mwanzoni, ungoje ofa, au ukaushe mpaka uripoti kazini?

mwanahesabu_kimya:
Wadau habari za saa hizi. Mimi ni mhasibu, kazi ninayo ila natafuta nyingine. Nina wiki 17, mimba ya kwanza, tumbo bado linajificha kwenye shati pana ila sio kwa muda mrefu. Shida ni kwamba maombi ya kazi niliyotuma zamani ndo yameanza kujibiwa sasa hivi, tena yote kwa mpigo. Kazi A ni kampuni kubwa, ajira ya kudumu, nimeshapita hatua za mwanzo na imebaki intavyu ya mwisho kwa video. Kazi B ni ofisi ndogo, mkataba wa mwaka mmoja, na hapo ndo pananichekesha na kuniliza kwa wakati mmoja maana nafasi yenyewe ni ya kumshikia dada anayekwenda likizo ya uzazi. Yaani mjamzito namshikia mjamzito.

Naona njia nne. Kusema kwenye intavyu yenyewe. Kungoja ofa niseme kabla sijasaini. Kusaini kwanza halafu niseme. Au kukausha mpaka nimalize kipindi cha majaribio, ambayo naona haiwezekani, miezi mitatu haijaisha tumbo litakuwa limeshajitambulisha lenyewe. Mama anasema nifunguke tu, riziki anagawa Mungu. Mume wangu anasema ukifungua mdomo kazi huna. Mliopitia na mnaoajiri mnasemaje?

karani_wa_zamani:
Hongera kwanza dada. Mimi nasema ngoja ofa, na ofa ninayosema ni ya maandishi, yenye cheo, mshahara na tarehe ya kuanza, sio ile ya simu ya "tumekupenda sana". Ukisema kwenye intavyu wakakupiga chini hutajua maisha yako yote kama ni mimba au kuna mtu alijibu vizuri kuliko wewe, na wao hawatakwambia, utapata ile imeili ya "tumeendelea na waombaji wengine" basi imeisha. Lakini ofa ikishatoka, ukasema, kesho yake ikafutwa, hapo sababu iko mchana kweupe na karatasi unayo mkononi.

HR_msema_kweli:
Ngoja niwaambie kinachotokea mlango ukishafungwa. Hakuna anayesema tusimchukue kwa sababu ana mimba, watu wanajua sheria. Kinachotokea ni fomu ya maksi. Aliyekuwa amepewa 4 kwenye kile kipengele cha "kuendana na mahitaji ya idara" anashushwa mpaka 3, mmoja anasema kwa kweli idara imezidiwa inahitaji mtu wa kuanza leo leo na asiyekatika katika, mwingine anaitikia kwa kichwa, na wa pili anakuwa wa kwanza. Wote wanatoka pale roho safi kabisa, wanaamini wametenda haki. Ndo maana mimi nikiulizwa na ndugu yangu namwambia jopo usiliambie kitu. Wanaostahili kujua ni yule atakayekuwa bosi wako na HR, yaani idara ya rasilimali watu, na wakati wake ni kati ya ofa na saini. Mpigie bosi simu kwanza, imeili ifuate siku hiyo hiyo kwa ajili ya kumbukumbu.

Na mtu akikuuliza kwenye intavyu "una mpango wa kuzaa karibuni?" usijibu ndiyo wala hapana. Mwambie kama anataka kujua utayamudu majukumu ya nafasi hii, jibu ni ndiyo, halafu hapo hapo ingia kueleza ulivyofunga hesabu za mwaka huko uliko. Wengi wanaona aibu hawarudii swali.

bosi_wa_watu_sita:
Mtanichukia ila nitasema. Nina biashara ndogo, tuko sita pamoja na mimi. Nikiajiri mhasibu maana yake hana msaidizi, akiondoka miezi minne vitabu vinabaki mikononi kwangu na mimi debiti na krediti zinanishinda. Mtu akae mbele yangu lisaa lizima, tupange mpaka kazi za miezi sita ijayo, anajua kabisa haitakuwa hivyo, halafu baada ya ofa ndo aniambie? Nitajiona nimeuziwa mbuzi kwenye gunia. Sitamfukuza, nasema nitakavyojisikia, na huyo ndo bosi utakayefanya naye kazi kila siku. Kwa Kazi B sema mapema.

mama_kurwa_na_doto:
Mkuu na yule kijana uliyemwajiri alikwambia kwenye intavyu kwamba anangoja viza ya kwenda kusoma? Kuna mtu anawaambia kwamba mama yake mgonjwa na yeye ndo mtoto pekee? Kuna mwanaume anataja upasuaji wa goti? Kila mtu anakuja na mambo yake nyumbani, ila ni mimba peke yake ndo mnataka itangazwe kama tangazo la msiba. Na ukiambiwa mapema ungemwajiri? Jibu kwa haki.

bosi_wa_watu_sita:
Kwa haki, inategemea. Mtu mzuri sana ningemngoja. Mtu wa kawaida, sijui. Sitaki kudanganya hapa.

mama_kurwa_na_doto:
Basi ndo ushajibu mkuu wangu. Wengi wetu ni watu wa kawaida.

wakili_wa_jioni:
Naomba niweke mambo ya sheria maana watu wanachanganya haki ya kupata kazi na haki ya kulipwa likizo, ni vitu viwili tofauti.

La kwanza. Shirika la Kazi Duniani lina Mkataba namba 183 wa mwaka 2000, unataka likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14, na kifungu cha 9 kinakataza kumtaka mwombaji kazi apime mimba au alete cheti cha kupimwa, isipokuwa kazi ambazo sheria ya nchi imezizuia kwa wajawazito au zina hatari inayojulikana kwa mama na mtoto. Ila unazibana nchi zilizouridhia tu, kwa hiyo soma sheria ya kazi ya kwenu, na usiishie kwenye kifungu cha likizo, tafuta kile cha ubaguzi, ndo kinachomhusu mtu ambaye bado hajaajiriwa.

Sasa kesi tatu za Mahakama ya Haki ya Ulaya, hata kama hauko huko zinaonyesha hoja zinavyokwenda. Kesi ya Dekker, 1990, Uholanzi: mama aliiambia kamati ya usaili kwamba ana mimba ya miezi mitatu, kamati ikamwona ndiye anayefaa kuliko wote, mwajiri akamkataa kwa sababu bima isingemrudishia posho ambayo angemlipa wakati wa likizo. Mahakama ikasema huo ni ubaguzi wa kijinsia wa moja kwa moja, hasara ya pesa sio utetezi. Kesi ya Webb, 1994, Uingereza, hii mwanahesabu kaa vizuri: aliajiriwa kumshikia mwenzake anayekwenda likizo ya uzazi, wiki chache baadaye akagundua na yeye ana mimba, wakamfukuza. Mahakama ikampa haki yeye, ila ajira yake haikuwa na ukomo na hilo lilitajwa. Halafu ikaja Tele Danmark, 2001: mkataba wa miezi sita, mfanyakazi alijua ana mimba siku anaajiriwa na hakusema, na sehemu kubwa ya mkataba asingekuwepo kazini. Bado mahakama ikasema kumfukuza ni kosa. Kwa hiyo bosi wetu hapo juu, hoja ya "alinificha" mahakama ile iliisikia na haikuipokea.

La pili, pesa. Hapa ndo watu wanalia. Uingereza ili ulipwe posho ya uzazi ya kisheria na mwajiri lazima uwe umemtumikia wiki 26 mfululizo kufikia wiki ya 15 kabla ya wiki ya kujifungua. Piga hesabu, maana yake ulitakiwa uwe kazini hapo tangu mimba inaingia. Marekani ile likizo ya wiki 12 ya shirikisho, ambayo hata haina malipo, inataka uwe umefanya kazi miezi 12 na saa 1,250 kwa mwajiri mwenye watu 50 au zaidi. Kwa hiyo unaweza ukaipata kazi, usifukuzwe, na bado ukae nyumbani bila senti. Hilo ulijue kabla hujaacha kazi uliyo nayo.

mwanahesabu_kimya:
Duh. Hapo kwenye kuacha kazi niliyo nayo umenigusa, huku nilipo nina miaka ya kutosha na likizo yangu ni ya uhakika. Sikuwa nimeliweka kwenye mizani kabisa.

zamu_ya_usiku:
Mnazungumza kazi za mezani. Sisi wa hospitali, maabara na viwandani kungoja kuna kikomo chake. Nipo chumba cha eksirei. Viwango vya kimataifa vya kinga ya mionzi vinamruhusu mfanyakazi wastani wa milisiveti 20 (kipimo cha mionzi mwilini) kwa mwaka, lakini mama akishatamka kwamba ni mjamzito mtoto aliye tumboni anawekewa kama milisiveti 1 tu kwa muda wote uliobaki. Angalia hapo, akishatamka. Usipotamka unahesabiwa kama mfanyakazi yeyote. Na wanaochanganya dawa za saratani, wanaoshika viyeyusho vya kemikali, wanaobeba mizigo, ofa ngojeni sawa, ila siku ya kwanza isifike hamjasema. Wala hapo hoja ya bosi atajisikiaje haina nafasi.

tumbo_mbele:
Mimi sikuwa na cha kuficha, nilikuwa mwezi wa saba, nimeingia chumbani tumbo limenitangulia. Watu watatu wa jopo macho yote hayajui yatue wapi, wanaangalia CV, wanaangalia dari. Nilisubiri nijibu maswali yao yote ya kazi, walipouliza kama nina swali nikawaambia mnaona hali yangu, natarajia kujifungua mwezi fulani, naweza kuanza mwezi fulani, je hiyo inaendana na mpango wenu? Chumba kizima kikapumua. Kazi nikapata, nikaanza baada ya kujifungua. Ila ningekuwa na wiki 17 na intavyu kwa video ninayeonekana mabega tu? Ningenyamaza mpaka ofa, hata sifikirii mara mbili.

Halafu bima. Mipango mingi ya bima ina muda wa kungoja kabla haijalipia uzazi. Ukishapewa ofa omba maelezo yote ya marupurupu, yote, likizo, pensheni, bima. Anayeomba yote hashtukiwi.

mwanahesabu_kimya:
Asanteni sana jamani. Kazi A nitanyamaza kwenye intavyu, ofa ikitoka nitasema kabla sijasaini, na nitauliza likizo yao inalipwaje kwa mtu mgeni, ikiwa hailipwi nitabaki nilipo mpaka nijifungue. Kazi B bosi_wa_watu_sita amenifikirisha. Wakili najua haki ninayo ila mkataba ni wa mwaka mmoja na nitakuwepo nusu yake kama nikibahatika, nadhani nitajitoa tu, au kama wana moyo tuongee nianze baadaye. Nimeandika rasimu ya imeili ya Kazi A, HR naomba uikague:

"Habari, asante sana kwa ofa. Samahani sana kwa kuchelewa kuwaambia, kwa bahati mbaya mimi ni mjamzito na natarajia kujifungua mwezi wa tano kuanzia sasa. Naelewa kama hili litawasumbua. Nitajitahidi sana lisiathiri kazi."

HR_msema_kweli:
Mdogo wangu hii ni barua ya kuomba msamaha. Toa "samahani", toa "bahati mbaya", na huo usumbufu unaoutaja wao hata hawajaufikiria, usiwasaidie. Andika hivi:

"Habari. Nimefurahi kupata ofa hii na nimekusudia kuikubali. Kabla ya kusaini ningependa mjue kwamba ni mjamzito na natarajia kujifungua tarehe fulani. Nikianza tarehe mliyopendekeza nitakuwa kazini kwa takriban miezi minne kabla ya likizo, muda unaotosha kufunga hesabu za robo mwaka na kuandika utaratibu wa kukabidhi kazi. Naomba tuzungumze wiki hii kuhusu utaratibu wenu wa likizo ya uzazi kwa mfanyakazi mpya."

Tarehe ya kujifungua weka ya kliniki, usikadirie. Na usiitume Ijumaa jioni, wataikalia wikiendi nzima wakijazana maneno. Itume Jumanne asubuhi, dakika chache baada ya kukata simu na bosi.