Tupeane uzoefu: nguo ya mtumba ambayo hutaisahau

Wadau, salaam. Jana nikipanga kabati nimekuta koti langu la kahawia nililonunua soko la Karume, Ilala, Dar es Salaam, mwaka 2014. Nilikuwa na usaili wangu wa kwanza wa kazi, mfukoni elfu kumi na tano tu. Muuzaji, mzee wa makamo, aliniona nalizunguka akasema, "Mwanangu, vaa kwanza, bei baadaye." Likanikaa mabegani kama nimepimiwa. Elfu nane. Bitana ilikuwa imeachia upande mmoja, fundi wa mtaani akaishona kwa elfu moja. Kazi nikapata. Soko lile lilipoungua Januari 2022, wa kwanza kumfikiria alikuwa yule mzee. Haya, nawe ulinunua nini, wapi, na ulijifunza nini?

Mama Nasra, Temeke
Hongera mwanangu. Mimi nimevalisha watoto wanne kwa mtumba, tena wakapendeza. Nguo naigeuza nje ndani kabla ya kuuliza bei: kwapa, kola, msamba wa suruali, zipu. Shati jeupe usilinunulie chini ya turubai la bluu! Pale kila cheupe ni cheupe. Toka nalo juani ndipo utaona manjano ya kwapani. Nililia na shati la sare la mwanangu kwa kosa hilo. Nilifua siku tatu, manjano yapo palepale. Nyumbani naloweka usiku kucha, naanika jua kali, napiga pasi ya moto ndani na nje. Nguo za ndani za mtumba hapana. TBS, shirika la viwango la Tanzania, walishazikataza, na walifanya vizuri.

Wa Gikomba
Huku Nairobi siri ni kuamka. Saa kumi na moja alfajiri belo, yale marobota ya mitumba, zikikatwa ndio unapata kamera, zile safi kabisa ambazo wenye maduka wanazing'ang'ania. Ukifika saa sita umebakiziwa fagia, yaani mabaki ya mwisho. Ila fagia nayo msiidharau. Sweta ya mtoto wangu alipoenda shule ya bweni Limuru, kule kwenye baridi, niliitoa kwenye rundo la shilingi hamsini. Sufu tupu, kifungo kimoja tu ndicho kilikosekana.

Muuza blauzi, Mlango Mmoja, Mwanza
Naomba niwasemee wauzaji. Belo la kilo 45 tunalinunua limefungwa, unalipia jina lililoandikwa juu. Siku moja nimelipa mtaji wangu wote kwa belo la watoto. Nakata kamba, yanatoka makoti ya theluji. Makoti ya theluji, Mwanza, mwezi wa kumi! Nilikaa chini juu ya ile nailoni nikashindwa kusimama. Aliyeniokoa ni dada mmoja anayepeleka mzigo Njombe, kule kwenye baridi, akayachukua yote kwa bei ya kurudisha nauli na pesa kidogo. Kwa hiyo mkiona asubuhi bei imesimama, tunatafuta kwanza kurudisha mtaji. Njooni jioni, tutaelewana. Na jamani, kuniambia "hizi si kafa Ulaya tu", yaani nguo za wafu wa Ulaya, ili nishushe bei, inaniuma. Nguo hizo nazipiga pasi mwenyewe usiku.

Mama Nasra, Temeke
Pole sana mwanangu. Hilo la pasi sikulijua.

Dada wa Kigali
Nyinyi bado mnachagua. Kwetu mwaka 2016 ushuru wa mitumba ulipanda kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo. Nikaanza kukunja na kuhifadhi. Gauni moja la njano la binti yangu mkubwa limevaliwa na wadogo zake wawili, na pindo nimelishusha mara mbili. Ukilitazama kwa karibu utaona mistari miwili ya mshono wa zamani, na kila mstari najua ni wa nani.

Mwenye koti
Asanteni, nimesoma yote. Mama Nasra, nimelitoa koti juani kama ulivyosema. Kola imepauka kidogo, mengine mazima. Mdogo wangu ana usaili Alhamisi. Amelivaa sasa hivi hapa sebuleni, mikono inamzidi inchi moja. Kesho asubuhi tunalipeleka kwa fundi.