"1948 + 80 = 2028" na muhuri wa tatu: hesabu inakatikia wapi?

Mwl_Uyole

Bwana Yesu asifiwe watumishi.

Kwenye makundi ya WhatsApp ya Mbeya, kuanzia Mbalizi mpaka huku Uyole, inazunguka sauti yenye hoja tatu. Kwanza, mtini wa Mathayo 24 ni Israeli, ulichipua 1948 taifa lilipoanzishwa, na kizazi kilichouona, ambacho hakitapita, ni miaka 80 kwa Zaburi 90:10, kwa hiyo mwisho ni 2028. Pili, katika majuma sabini ya Danieli limebaki moja tu. Tatu, mahindi kupanda bei ni muhuri wa tatu, farasi mweusi wa Ufunuo 6.

Ushirika wetu wa nyumbani ni mchanganyiko: Wamoravian, Walutheri, wa TAG (Tanzania Assemblies of God) na Wasabato wawili. Nina Jumatano nne, saa moja na robo kila moja. Tafadhali msinijibu tu kwamba hakuna aijuaye siku ile na saa ile. Mstari huo wanaujua, na mwenye sauti anasema "siku na saa hatujui, mwaka tunaujua". Nataka pale hesabu yenyewe inapokatika, kwa sababu wapo wanaosema msimu huu hawanunui mbolea.

Msomaji_Rungwe

Asifiwe mwalimu. Naanza na 1948, maana ndiyo nyepesi kuipima.

Fungua Luka 21:29 sambamba na Mathayo 24:32. Ni mfano uleule, ila Luka ameandika "mtini na miti mingine yote". Kama mtini ni Israeli, miti mingine ni mataifa gani, na yalichipua mwaka gani? Mfano unazungumzia majani kuchipua na mavuno kukaribia, jambo ambalo mkulima yeyote analisoma kwa macho. Hauna tarehe ndani yake.

Halafu kizazi. Zaburi 90 ni sala ya Musa juu ya ufupi wa maisha: miaka 70, na kwa mwenye nguvu 80. Inapima umri wa mtu, haipimi kizazi. Mathayo mwenyewe anapohesabu vizazi (1:17) anaweka 14 kutoka uhamisho wa Babeli mpaka Kristo. Yerusalemu ilianguka mwaka 586 kabla ya Kristo. Gawa kwa 14, unapata kama miaka 42 kwa kizazi. Ukitumia kipimo cha Mathayo, 80 haitoki.

Sasa waandikie ubaoni historia ya hesabu hii. Ilianza kwa miaka 40: 1948 + 40 = 1988, na mwaka huo Marekani kilisambazwa kijitabu chenye sababu 88 za unyakuo, yaani waumini kuchukuliwa juu kumlaki Bwana, kutokea. Ukapita. Wengine wakahamisha mwanzo kwenda Juni 1967, Yerusalemu ya mashariki ilipotekwa: 1967 + 40 = 2007. Ukapita. Wakaja na 70: 2018. Ukapita. Ndipo 80. Tarehe ndiyo inayochaguliwa kwanza, kisha aya inatafutwa ya kuibeba.

Na kama msambazaji anafundisha unyakuo kabla ya dhiki ya miaka 7, mwulize 2028 kutoa 7 ni ngapi. Ni 2021. Atajibu nini?

Kuhusu "mwaka tunaujua": Matendo 1:7, "Si kazi yenu kujua nyakati wala majira". Yesu hapo hakutaja siku na saa. Alitaja nyakati na majira kwa ujumla, akayafunga yote.

Kalamu_Iringa

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi nichukue Danieli 9:24-27, maana hapo ndipo watu huogopa hesabu wakaishia kuimeza.

Majuma 70, kila juma likihesabiwa miaka 7, ni 70 × 7 = miaka 490. Yamegawanywa 7 + 62 + 1. Saba ni miaka 49, sitini na mawili ni 434, jumla 483, na juma moja la mwisho ni 7. Hapo hakuna ubishi. Ubishi uko kwenye amri ya kuijenga upya Yerusalemu, ambayo hesabu inaanzia. Wanaotafsiri hutaja ya Koreshi, 538 kabla ya Kristo. Ya Artashasta mwaka wake wa 7, yaani 457 (Ezra 7). Au ruhusa aliyopewa Nehemia mwaka wa 20 wa mfalme huyohuyo, 445 au 444 (Nehemia 2).

Kosa la kwanza la darasani ni kusahau kwamba hakuna mwaka sifuri. Toka 457 KK songa miaka 483. Ukitoa 457 kwenye 483 unapata 26, lakini kwa kuwa kutoka mwaka 1 KK tunaingia mwaka 1 BK moja kwa moja, lazima uongeze 1: ni mwaka 27 BK. Wasabato wenu watakuwa wanaijua hii, maana ndiyo njia yao, na ndiyo inayowapeleka 1844 kwa siku 2300 za Danieli 8:14, kila siku ikihesabiwa mwaka. Kutoka 457 KK miaka 2300, pamoja na ile 1, ni 1844 kamili.

Kosa la pili ni kuchanganya aina mbili za mwaka bila kusema. Anayeanza 444 hutumia mwaka wa siku 360: 483 × 360 = siku 173,880, ambazo kwa mwaka wa jua ni 476 na kidogo, anaangukia 33 BK. Sawa, siku 360 zina msingi kwenye Ufunuo, kwa sababu miezi 42 ni siku 1260 (11:2-3). Ila mtu akitumia 360 kwa Danieli, kisha 365 kwa 1948, amebadilisha debe katikati ya kupima. Sikiliza sauti hiyo tena uone kama hakufanya hivyo.

Sasa "limebaki juma moja". Usiseme kwamba Biblia imesema hivyo. Ni tafsiri mojawapo: juma la 69 liishie kwa Kristo, saa isimame, juma la 70 lisubiri mwisho. Ilienea kupitia mafundisho ya John Nelson Darby karne ya 19 na Biblia yenye maelezo ya Scofield ya 1909. Wasabato wanayahesabu yote 70 mfululizo bila pengo, wakaishia mwaka 34. Wasomi wengi, Wakatoliki na Walutheri wakiwemo, huona juma la mwisho likimlenga mfalme Antioko wa Nne, aliyesimamisha sadaka hekaluni 167 KK, na hekalu likatakaswa 164. Miaka mitatu tu na ushei, karibu na nusu juma. Wenye Biblia yenye Wamakabayo wasome 1 Wamakabayo 1:54 na 4:52.

Weka njia hizo zote mezani kwa haki. Mtu wa TAG asiondoke akidhani amedhihakiwa, wala Msabato.

Dada_Mafinga

Mwalimu, kwenye farasi mweusi usipite haraka. Hapo ndipo watu wa kwetu wataelewa kuliko popote, kwa kuwa ni aya ya sokoni.

Ufunuo 6:6 katika Biblia ya Union: "Kibaba cha ngano kwa nusu rupia, na vibaba vitatu vya shayiri kwa nusu rupia". Kigiriki kinataja *khoiniksi* na dinari. Khoiniksi ni kipimo cha kama lita moja, na ilihesabiwa chakula cha mtu mmoja kwa siku. Dinari ni ujira wa kibarua wa siku moja, kama kwenye mfano wa shamba la mizabibu, Mathayo 20:2. Watafsiri walichagua vizuri kusema kibaba; shida ni nusu rupia, ambayo leo haimwambii mtu chochote. Waambie waandike pembeni: ujira wa kutwa.

Ichukue sasa uipime kwa debe la lita 20. Debe la ngano kwa bei hiyo ni vibarua vya siku 20. Debe la shayiri, chakula cha maskini na cha mifugo, ni karibu siku 7. Baba mwenye mke na watoto wanne akifanya kazi kutwa analeta ngano ya mtu mmoja, au shayiri ya watu watatu, na hajanunua chumvi wala kuni. Wafafanuzi hukadiria bei hiyo mara 8 hadi 16 ya bei ya kawaida ya wakati ule.

Basi mwambie kila mmoja apige mwenyewe: ujira wa kutwa wa kibarua wa kupalilia huku kwetu unanunua kilo ngapi za mahindi leo? Akipata kilo kadhaa, basi bei imepanda na inaumiza kweli, lakini si bei ya aya hiyo. Usiidharau njaa ya mtu. Mwonyeshe tu tofauti.

Halafu "wala usiyadhuru mafuta wala divai". Mzeituni na mzabibu vina mizizi mirefu, ukame unaoua nafaka huviacha. Tena karibu mwaka 92 Kaisari Domitiano alitoa amri mashamba ya mizabibu ya majimboni yapunguzwe kwa nusu, na Ufunuo kwa kawaida huwekwa mwishoni mwa utawala wake, uliokoma 96. Wasikilizaji wa Efeso na Laodikia walijua upungufu wa nafaka ambao meza ya tajiri hauifikii. Waulize ushirika hukumu hapo inamwangukia nani kwanza. Mtakaa nusu saa.

Kuhusu mpangilio: usichore mihuri, baragumu na vitasa, saba saba, kama treni moja ya mabehewa 21 bila kuwaonyesha matatizo yake. Muhuri wa sita (6:14) mbingu inakunjwa kama ukurasa, lakini baragumu ya nne (8:12) jua bado lipo la kupigwa theluthi. Baragumu ya kwanza (8:7) majani mabichi yote yanateketea. Ya tano (9:4) nzige wanakatazwa kuyadhuru majani. Ndiyo maana wengi husoma mifululizo hiyo kama mizunguko ya jambo lilelile, kila mzunguko ukiwa mkali zaidi. Fuata visehemu: robo (6:8), theluthi (sura ya 8 na 9), kisha bahari yote (16:3). Fuata pia radi: 4:5 ni umeme, sauti na ngurumo, 8:5 limeongezeka tetemeko, 11:19 mvua ya mawe, 16:21 kila jiwe kama talanta, yaani zito kuliko kiroba cha kilo 25. Wenye kusoma kwa mfululizo nao wana hoja yao: muhuri wa saba unapofunguliwa hautoi pigo, unatoa baragumu saba.

Mwl_Uyole

Mungu awabariki sana. Dada, hilo la debe limenifungua macho. Nina mawili yamebaki: chapa ya mnyama, maana wapo wanaokataa alama za vidole za kitambulisho cha taifa cha NIDA, na hukumu yenyewe, kwa sababu mmoja atauliza kama muumini atahukumiwa.

Msomaji_Rungwe

Chapa kwa ufupi. Soma Ufunuo 13:16-18 bila kusimama, endelea mpaka 14:1. Aya moja tu mbele, watu 144,000 wana jina la Mwana-Kondoo na la Baba katika vipaji vya nyuso zao. Asiyetafuta wino kwenye 14:1 asiutafute kwenye 13:16 peke yake. Na 14:9 inaunganisha chapa na kumsujudu mnyama na sanamu yake. Kitambulisho hakikuombi usujudu. Siku serikali yoyote itakapoomba ibada, hapo mtu akatae, hata kama hakuna chapa.

Hesabu ya 666, namba ya mnyama: herufi za Kiebrania ni namba pia. Neron Kaisari kwa Kiebrania ni n-r-w-n q-s-r: 50 + 200 + 6 + 50, halafu 100 + 60 + 200. Jumla 666. Ukiondoa n ya mwisho, kama Walatini walivyotamka Nero, unapata 616, na namba hiyo imo kweli katika baadhi ya nakala za kale. Askofu Irenayo wa karne ya 2 aliijua 616 akaikataa, akajaribu majina mengine, kisha akaonya watu wasiharakishe kutaja jina. Onyo hilo lisomwe pia.

Kalamu_Iringa

Hukumu: tenganisha aya kabla ya kuziunganisha. 2 Wakorintho 5:10 inasema sisi sote, na Paulo anawaandikia waumini. 1 Wakorintho 3:12-15 inaeleza kinachopimwa: kazi iliyojengwa juu ya msingi, dhahabu, fedha na mawe ya thamani upande mmoja, miti na majani upande wa pili. Kazi ikiteketea mtu anapata hasara, yeye anaokolewa kama kwa moto. Ufunuo 20:12 kuna vitabu, vingi, vya matendo, na kitabu kingine kimoja, cha uzima. Mathayo 25 maswali ni chakula, maji, mgeni, nguo, mgonjwa, mfungwa. Hakuna swali la tarehe. Wapo wanaofundisha hukumu mbili tofauti na wapo wanaosema ni moja; Walutheri wenu wakitaka, Ungamo la Augsburg la 1530, kifungu cha 17, linasimama upande wa kurudi kumoja kwa Kristo kuhukumu.

Kwa Jumatano zako: ya kwanza msome Ufunuo kwa sauti, sura 1 hadi 11, bila maelezo, mkipokezana. Kitabu kizima ni kama saa moja na nusu, kwa hiyo nusu yake inakutosha na dakika za maombi zinabaki. Nusu ya pili wakaisome nyumbani. Ya pili 1948 na Danieli, kwa ubao na chaki, kila mtu akipiga hesabu mwenyewe. Ya tatu farasi mweusi na debe. Ya nne hukumu. Chapa iingize mwisho wa ya tatu, ukiipa Jumatano nzima itazimeza nyingine zote.

Dada_Mafinga

Naongeza la mbolea. 2 Wathesalonike 2:2 inaonyesha walikuwa wamefadhaishwa na habari kwamba siku ya Bwana imekwisha kuwapo, na sura ya 3 wengine hawafanyi kazi. Paulo hakuwapa tarehe sahihi badala ya ile mbaya. Aliwaambia wafanye kazi kwa utulivu na kula chakula chao wenyewe (3:12). Soma hiyo Jumatano ya kwanza, usisubiri ya nne, maana mvua za kupandia hazitawasubiri. Na sauti hiyo ikifika mahali pa kusema watu wauze shamba, watoe sadaka ya mwisho au wafunge bila kula, usingoje kipindi: mwone mchungaji wa mhusika na mwenyekiti wa mtaa siku hiyohiyo. Shakahola, pwani ya Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 kuanzia 2023, na ilianza kwa mahubiri ya siku za mwisho.