Nyumba za kale Posta: rangi mmepaka, ukuta mmeuua

Wakuu, leo nivumilieni, nina hasira.

Mwezi wa pili nilihamia ghorofani kwenye nyumba moja ya zamani, mitaa ya nyuma ya Samora, hapa Posta, Dar. Fremu chini, makazi juu, kama zilivyo nyingi za Uhindini. Dalali ananipandisha ngazi anasifia: "Bosi, hii imekarabatiwa, historia tupu!" Nikalipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na ya mwezi mmoja ikaingia mfukoni kwake.

Masika kuingia tu, ukuta wa chumbani ukaanza kutoka jasho, usawa wa mto wa kulalia kabisa. Rangi ikavimba kama andazi. Nikaibonyeza ikapasuka, ndani chumvi nyeupe. Nikachokonoa kwa kijiko: lipu ya saruji, nene kama kidole gumba, na nyuma yake mawe ya matumbawe yameloa chapachapa.

Jamani, fundi gani wa Pwani hajui hili? Tumbawe linanyonya maji na kuyatoa, na chokaa inaliacha lipumue. Ukilifunika kwa saruji, maji hayana pa kutokea, yanabaki humo na chumvi yake yanakula ukuta. Boma la Kale pale Sokoine Drive ni matumbawe hayohayo, tangu Sultani Majid, Mjerumani hata hajafika. Lipo mpaka leo.

Na asije mtu hapa kunitajia sheria. Ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863 tu. Hilo Boma lenyewe limejengwa baadaye! Nyumba za baada ya hapo hazilindwi mpaka zitangazwe.

Kilichonivuta mimi ni roshani ya mbao. Mwenye fremu kaiziba na bango la simu, taa zinanipiga usoni hadi saa nane usiku. Luku nayo tunachangia, halafu viyoyozi ni vyake.

Nimempigia mwenye nyumba, ananiambia nifungue madirisha. Yapi? Yale ya mbao ya luva mliyang'oa, mkaweka aluminiamu ya kusukuma, inafunguka nusu tu.

Jana kaniletea fundi. Nateremka ngazi, nakuta mifuko miwili imeegemezwa ukutani. Saruji tena! Nimemrudisha.

Mwenye namba ya fundi wa chokaa, hata awe wa Unguja, anitumie. Nauli nitalipa mimi.