Mpira wa kwanza wa bolingi: nianze na uzito, ganda au kipimo cha mkono?

MgeniWaColumbus:
Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaishi Columbus, Ohio, na wenzangu wa kazini wamenishawishi kujiunga na ligi yao ya bolingi, ule mchezo wa kuangusha pini kumi kwa mpira mzito, itakayoanza Septemba, michezo mitatu kila Alhamisi jioni. Hadi sasa natumia mipira ya ukumbini, na huwa nachukua wa ratili 15, si kwa sababu naupenda bali kwa sababu iliyo mepesi zaidi gumba langu halipiti. Kufika mchezo wa tatu mkono umechoka na mpira unakwenda ukitakako wenyewe. Natupa kwa mkono wa kulia, na mpira wangu hunyooka, haupindi.

Nina dola 150, pamoja na gharama ya kutoboa matundu. Kila nikitazama maduka ya mtandaoni nakutana na maganda (tabaka la nje la mpira) ya plastiki, yurethini na resini, na maelezo ya viini, yaani uzito ulio ndani ya mpira, ambayo yanazidi kunivuruga. Tena kuna mwenzangu anayeniuzia mpira wake wa zamani kwa dola 30. Naombeni ushauri kuhusu uzito na aina ya ganda, na mniambie kama huo wa dola 30 unafaa.

FundiMatundu:
Karibu, Ndugu Mgeni. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kutoboa mipira, kwa hiyo nitaanzia mkononi. Kilichokubebesha ratili 15 ni tundu la gumba. Mipira mepesi ya ukumbini hutobolewa matundu madogo kwa kuwa inakusudiwa watoto na watu wenye vidole vyembamba, na matokeo yake mtu mzima mwenye gumba nene hujikuta akiinua uzito asiouhitaji. Mpira wa ukumbini ni kama kandambili za msikitini, humwingia kila mtu na haumkai yeyote. Usipokukaa unaubana, na ukiubana gumba huchelewa kutoka, bega hupanda, na mpira hutua kwenye njia ya kuchezea kwa kishindo.

Utaambiwa uchukue sehemu ya kumi ya uzito wa mwili wako, bila kuvuka ratili 16 (kilo 7.26), ambazo ndizo kikomo cha sheria. Kanuni hiyo siipendi, kwani uzito wa mwili hauelezi lolote kuhusu bega wala kiwiko. Afadhali ujipime kwa mchezo wa tatu: kama mkono bado unarudi nyuma na kuja mbele kwa uzito wa mpira wenyewe, bila wewe kuusukuma, uzito huo ni wako. Jua pia kwamba mpira uliotobolewa kwa kipimo chako huonekana mwepesi kuliko wa ukumbini wenye ratili zilezile. Kwa maelezo yako ningeanza na 14. Kuanzia 12 kushuka chini, watengenezaji wengi hubadilisha kiini, hata mpira uliosifiwa kwenye matangazo ukawa si ule utakaoletewa.

Siku ya kupimwa, ingiza gumba lote hadi mwisho, kisha laza vidole juu ya matundu yake bila kukaza kiganja. Kwa mshiko wa kawaida, ambao vidole viwili huzama hadi kiungo cha pili, mkunjo wa kiungo hicho upite ukingo wa karibu wa tundu kwa kiasi cha robo inchi. Gumba litoke kwa wepesi huku ngozi yake ikiendelea kugusa ukuta wa tundu pande zote. Ukiona unalazimika kukunja kifundo cha gumba ili mpira usidondoke, tundu ni kubwa. Mwambie fundi papo hapo, usione haya. Ukingo wa tundu la gumba nao upigwe msasa hadi uwe laini, la sivyo utaota sugu.

Huo wa dola 30 uache, labda iwe mkono wa mwenzako unafanana kabisa na wako, jambo ambalo ni nadra. Matundu ya zamani huweza kuzibwa na kutobolewa upya, ila ukijumlisha gharama hiyo na bei yake unaukaribia mpira mpya wa daraja la wanaoanza. Uukague pia: kama una tundu la ziada la kusawazisha, mbali na yale ya vidole, haukubaliki katika ligi zinazotambuliwa na USBC, chama kinachosimamia bolingi Marekani, tangu Agosti 1, 2020.

BintiTanga:
Fundi amemaliza habari ya mkono, mimi niongeze ya ganda. Njia ina futi 60 kutoka mstari wa kutupia hadi pini ya kwanza, na upana wake ni mbao nyembamba 39 zilizopangwa kandokando. Sehemu kubwa ya urefu huo, kama futi 40 za mwanzo, hupakwa mafuta, na katika kumbi za kawaida huwa mengi katikati na machache kandoni. Ganda la plastiki halishiki sana hata kwenye mbao kavu, ndiyo maana huenda moja kwa moja. Ganda la resini, lililoingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1990, lina vitundu vidogo mno vinavyofyonza mafuta, na mpira ukitoka kwenye mafuta hushika mbao na kupinda.

Kupinda huko kuna faida ya kweli. Mpira unaoingia kati ya pini ya 1, iliyo mbele kabisa, na ya 3, iliyo nyuma yake upande wa kulia, kwa pembe ya nyuzi kama 6 una nafasi nzuri ya kuziangusha zote, na pembe hiyo huwezi kuipata kwa mpira ulionyooka hata ukiutupa kutoka ukingoni kabisa mwa njia. Kaka, tafuta resini isiyo kali, yenye kiini cha ulinganifu (umbo lake ni sawa pande zote), kama Tropical Surge ya Storm au Rhino ya Brunswick. Mipira ya daraja hilo hutengenezwa kwa watu kama wewe, na habari za viini vya ajabu unaweza kuziacha kwa sasa.

MzeeWaSpeya:
Binti yangu, hesabu yako ni sahihi, lakini unamjibu mtu ambaye bado hajaja. Huyu wa leo anatupa mpira ulionyooka. Mpe resini kabla mkono haujatulia, na kila kosa dogo la kiganja litakuzwa na ganda, leo mpira upinde mapema, kesho usipinde kabisa, naye asijue alichofanya. Aanze na plastiki iliyotobolewa kwa kipimo chake.

Mchezaji asiyepata straiki hata moja, yaani kuziangusha pini zote kwa mpira wa kwanza, akaangusha pini 9 kila mara na kuimalizia iliyobaki, anafunga mchezo kwa pointi 190. Katika ligi za kazini ni wachache wanaofika huko, na sababu ni speya, yaani kumalizia pini zilizobaki kwa mpira wa pili. Kwa mtu wa mkono wa kulia pini ya 10, iliyo pembeni kabisa kulia, ndiyo inayoliza watu, na mpira ulionyooka ndio unaoifuata vizuri. Hata akija kununua resini mwakani, plastiki hii itabaki kwenye mkoba kwa kazi hiyo, wakati resini ya leo itakuwa imeshiba mafuta na kupoteza makali.

MgeniWaColumbus:
Shikamoo Mzee, na ahsanteni nyote. Naelekea kwenye plastiki ya ratili 14. Mawili yamebaki: je, nichague mshiko wa kawaida au ule wa ncha za vidole? Na je, naweza kuuacha mpira kwenye buti la gari wiki nzima?

FundiMatundu:
Kama una nia ya kununua resini baadaye, toboa wa ncha za vidole tangu sasa, vidole viishie kiungo cha kwanza, ili mkono usilazimike kuzoea mishiko miwili. Omba vipachiko vya mpira laini kwenye matundu ya vidole, kwani vikichakaa hubadilishwa. Mwezi wa kwanza utahisi mpira unataka kukuponyoka. Usiubane, bandika kipande cha mkanda maalumu ndani ya tundu la gumba, na gumba likituna katikati ya mchezo ukibandue.

Kwenye buti usiuache, iwe kiangazi au msimu wa baridi ya Ohio. Joto likipanda na kushuka ganda huweza kupasuka, na ufa mara nyingi huanzia kwenye matundu.